Tundu la Mkono wa Kushoto

Kila Jumamosi saa nane mchana, Mashoto alikaa mbele ya vaisi, ile jiriwa ya kubania vyuma, akaua shokapu. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya, hata kama pale gereji waliipa jina jingine, wakaiita usafi. Shokapu zote zilizofunguliwa kwenye magari ya wateja wiki nzima zililetwa mbele yake, akazibana moja baada ya nyingine, akazitoboa kwa keekee hadi mafuta yakachuruzika. Zilizokufa zilitoa mafuta meusi. Nzima zilitoa mafuta safi kama ya kupikia. Mashoto aliyaona yote mawili, akaendelea kutoboa, kwa kuwa alikuwa na mke, na mama mgonjwa, na kodi ya nyumba ya kila mwezi.

Mwenye gereji aliyependa aitwe Mkurugenzi, ingawa wafanyakazi wote walikuwa wanane pamoja na mlinzi, alikuwa na maelezo yake. "Tunatoboa ili chakavu isirudi barabarani. Usalama kwanza." Alilisema hilo huku akijisafisha meno kwa njiti. Nani angebishana na usalama?

Asubuhi ya Jumamosi hiyo aliletewa gari la mwanamke mmoja muuza mayai, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mayai. Lilikuwa gari la familia la zamani, refu nyuma, lenye viti vilivyotolewa ili trei zikae vizuri. Mayai yalikuwa yanamvunjikia njiani. Mashoto alilizunguka gari akibonyeza kila kona kwa uzito wake wote na kuachia, maana hicho ndicho kipimo cha fundi yeyote. Shokapu ikiwa imekufa, gari huinuka na kushuka, huinuka na kushuka, halijui litulie wapi. Ikiwa nzima, hupanda mara moja likatulia. Kona ya mbele kushoto ilicheza. Kona tatu zilitulia.

"Zote nne zimekufa?" Mama Mayai aliuliza.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na njiti yake mdomoni.

"Zote, mama," Mashoto akajibu.

"Hata za nyuma? Mbona naona kama..."

"Hata za nyuma."

"Haya, weka mpya. Wewe ndiye fundi." Akafungua pochi.

Mashoto alimfungia mpya nne zilizotoka ofisini tayari ndani ya maboksi. Mchana akakaa kwenye vaisi na zile za zamani. Za wateja wengine wa wiki alikuwa ameshazimaliza. Alizitoboa mbili za mbele, kisha ncha ya keekee ikakatika. Ncha nyingine hakukuwa na mtu wa kwenda kuinunua. Mkurugenzi akasema zile mbili za nyuma zibaki pale pale chini hadi Jumatatu. Na hapo ndipo Mashoto, ambaye kwa siku sita nzima alikuwa anatafuta pa kuanzia, akapata pa kuanzia.

"Mkurugenzi, nina ombi."

"Ombi au mkopo?"

"Ombi. Gari yangu ni kama ile ya Mama Mayai, aina moja. Shokapu za nyuma zimekwisha kabisa. Na Jumatatu saa nne nampeleka mama hospitali kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Daktari amesema asirushwerushwe njiani hata kidogo. Hizi mbili nzima, niuzie. Hata kwa bei ya chuma, kwa kilo."

Mkurugenzi akatoa njiti mdomoni. "Pole sana. Mama ni mama." Akainamisha kichwa kwa heshima. "Lakini hizo haziuzwi. Nikikuuzia wewe nitakuwa nimekubali kwamba bado zinafaa. Na kama zinafaa, kwa nini tumemuuzia yule mama mpya? Fikiri kidogo, Mashoto."

"Basi niruhusu kesho nipandishe gari yangu kwenye jeki kubwa. Kesho gereji imefungwa."

"Hapa si uwanja wa ukoo wenu. Leo wewe, kesho fundi rangi ataniletea pikipiki ya mjomba wake." Kisha akacheka na kumpiga begani, maana alikuwa mtu wa utani. "Nenda dukani kwa shemeji yangu. Mwambie nimekutuma mimi. Atakupunguzia."

Mashoto alikwenda, akapunguziwa kidogo sana. Alilipa kwa pesa ambazo mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, alizipata siku mbili kabla kwa kuuza hiyo cherehani yenyewe.

*

Mama yake Mashoto alianguka miezi miwili iliyopita akianika nguo. Hakuanguka kutoka juu. Alikanyaga sabuni tu, akakaa chini kwa kishindo. Pingili mbili za uti wa mgongo zikapondeka. Safari ya kwanza ya hospitali, kilomita arobaini za matuta na mashimo, alisafiri akiwa ameuma kitambaa ili asipige kelele. Waliporudi jioni, mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi hadi gotini. Daktari aliwaambia waziwazi: mfupa ukisogea kidogo ukabana mshipa, kutembea basi tena. Jumatatu ikiwapita, tarehe nyingine ni baada ya miezi mitano. Gari la wagonjwa la hospitali lilikuwa juu ya matofali kwa mwezi wa tatu, halina tairi. Kwa hiyo mambo yote yaliangukia kwenye vyuma viwili vya urefu wa mkono, chini ya mahali ambapo mama huyo angelala.

Jumapili asubuhi Mashoto alipandisha gari uani kwa jeki ndogo, akalisimamisha juu ya magogo mawili, akaweka jiwe nyuma ya kila tairi la mbele. Ua ulikuwa wa nyumba nne, na majirani walipita na ndoo zao wakiziruka spana. Mkewe alikuwa amechuchumaa na tambara la petroli mkononi, akifuta kila alichopewa. Dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi. Mama mwenyewe alilazwa juu ya mlango wa mbao uliowekwa godoro jembamba, kwa sababu kitanda chao kilibonyea.

"Mkwe wangu," sauti ikatoka dirishani, "hakikisha anakaza vizuri. Huyo hata kamba za viatu alikuwa hajui kukaza. Alikwenda shule akivaa kandambili miaka miwili."

"Namwangalia, Mama."

"Mwangalie kweli. Leo anafunga kitanda changu."

Mashoto akacheka chini ya gari. Nati za chini zilikuwa zimeshika kutu na zilimchukua karibu saa nzima, kwa mafuta ya taa, nyundo, na maneno ambayo mama yake alijifanya hayasikii. Shokapu ya kwanza ikatoka. Aliibonyeza kwa kidole kimoja ikazama, ikakaa huko huko. "Mnaona? Hii imekufa zamani. Mama alikuwa amelalia bomba tupu."

Akafungua boksi. Shokapu mpya ilikuwa nyeusi, inang'aa, imevishwa plastiki. Kabla ya kuifunga aliisimamisha wima akaanza kuipampu, juu chini, juu chini, mara tano, kutoa hewa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa ujanani na fundi aliyemlea. Gereji kwa Mkurugenzi hawakupewa muda huo. Pale shokapu ilitoka kwenye boksi ikaingia kwenye gari, mteja akaitwa kulipa.

Mara ya kwanza ilikuwa nzito vizuri. Ya pili ikateleza katikati, kama mguu unapokosa ngazi gizani. Ya tatu ikateleza zaidi, na kitu chenye ubaridi kikamtambaa kwenye kifundo cha mkono. Mafuta.

"Nipe hilo tambara," akasema.

Akafuta mara moja tu. Rangi nyeusi ikahamia kwenye tambara, na chini yake kukatokea mikwaruzo na kutu ya miaka. Juu ya pete ya chini, umbali wa vidole vitatu, palikuwa na kidonge cha kuchomelea ukubwa wa punje ya mahindi. Mashoto akaweka dole gumba juu yake. Mafundi wengine wote wa gereji walitumia mkono wa kulia, nao wangetoboa upande wa pili. Huyu alitoboa upande huu, akiwa ameelekeza keekee chini kidogo, mshazari, maana hivyo ndivyo mkono wa kushoto unavyoshuka mtu akikaa mbele ya ile vaisi.

Akararua boksi la pili. Ilikuwa hivyo hivyo. Kidonge mahali pale pale.

"Nini?" mkewe akauliza. "Mbona umebadilika uso hivyo?"

"Tumepigwa changa la macho. Hizi ni za zamani. Zimetobolewa, zikatiwa mafuta ya ovyo, zikachomelewa, zikapakwa rangi."

"Basi rudisha! Duka liko wapi? Twende sasa hivi tukamtoe nyumbani kwake!"

"Subiri."

"Nisubiri nini? Cherehani yangu ile! Nisubiri nini?"

"Tundu ni langu."

Mkewe hakuelewa. Ikabidi amweleze, pale pale, mgongo wake ukiwa umeegemea tairi: vaisi, keekee, Jumamosi saa nane, zilizokufa na nzima, Mama Mayai na "zote, mama". Alieleza bila kumtazama. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuyasikia maneno yake mwenyewe, na kila neno lilimtoka zito. Majirani wawili waliokuwa wakiteka maji walianza kufungua bomba taratibu ili wasikose kitu.

Mkewe akalikunja tambara mara mbili, mara nne, hadi likawa dogo sana.

"Nielewe vizuri," akasema. "Mimi nimeuza cherehani. Wewe ukaenda na pesa ya cherehani kununua tundu ulilotoboa mwenyewe."

"Sikujua kama zinarudi dukani."

"Ulijua kama ni nzima!"

Mashoto akajifuta mafuta kwenye suruali.

"Umetoboa ngapi tangu uanze?"

"Sijui."

"Sema."

"Elfu mbili. Labda elfu mbili na mia tano."

"Na zote ziko wapi saa hizi? Ziko chini ya magari ya watu. Na ndani ya hayo magari wamekaa mama za watu, wanauma vitambaa!" Sauti yake ilipanda hadi jirani mmoja akafunga bomba kabisa. "Nilikuwa namwombea mabaya huyo mwenye duka. Kumbe ninayepaswa kumwombea mabaya nalala naye."

Mashoto akainuka, akaichukua ile spana kubwa, akaitupa kwa nguvu zake zote ukutani. Ikarudi na kelele na kusimama karibu na ndoo ya jirani.

"Spana haijakukosea," mama yake akasema dirishani. Sauti haikuwa na utani tena. Ukuta ulikuwa mwembamba na alikuwa amesikia kila kitu. "Iokote."

Akaiokota. Akasimama nayo mkononi kama mtu aliyesahau matumizi yake. Hasira ilimjaa, na ubaya wake ni kwamba kila alipotafuta mtu wa kumwelekezea alikuta mkono wake mwenyewe umetangulia.

Ni mkewe aliyezinduka kwanza. "Zile mbili za nyuma, zilizobaki. Bado ziko pale gereji?"

"Ziko. Lakini ni za gereji. Nimeomba, amekataa."

"Gereji ilizinunua kwa nani?"

"Haikuzinunua. Zilikuwa kwenye gari ya Mama Mayai."

"Kwa hiyo ni za nani?"

Mashoto akamtazama.

"Nenda kanawe uso," mkewe akasema. "Unakwenda kumwambia."

*

Mama Mayai alikuwa sebuleni kwake, akifuta mayai kwa kitambaa kibichi na kuyapanga kwenye trei. Alikuwa na mkono mwepesi na jicho kali. Yai lenye ufa alilijua kwa kuligonga na kucha. Alifurahi kumwona fundi wake siku ya Jumapili, akamkaribisha kiti yeye na mkewe. Mashoto hakukaa. Alifungua gunia, akaitoa ile shokapu aliyouziwa, akaanza kusema. Alianza mbali, kwenye ugonjwa wa mama, hadi mkewe akamkata: "Anza pale gereji."

Akaanza pale gereji.

Mama Mayai alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kufuta mayai. Kisha akaweka kitambaa chini.

"Nilikuuliza au sikukuuliza?"

"Uliniuliza, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba zote zimekufa."

"Rudia. Sijakusikia."

"Kwamba zote zimekufa."

"Mimi mtu mzima, mjane, nimekuita fundi, nimekuamini, nikatoa pesa ya chakula cha kuku cha mwezi mzima. Shika hii." Akampa trei ya mayai thelathini, akamwekea nyingine juu yake, akatoka kwenda chumbani kutafuta risiti. Aliitafuta kwa muda mrefu. Mashoto alisimama katikati ya sebule ya watu na mayai sitini mikononi, hawezi kukuna pua wala kufuta jasho, na mkewe hakumsaidia. Mama Mayai aliporudi alimwacha hivyo hivyo akisoma risiti kwa sauti, mstari hadi mstari.

"Shokapu mpya, nne. Mpya! Na hizi nilizofungiwa jana, ulizikagua?"

"Hapana, mama. Zilitoka kwenye boksi."

"Weka mayai. Twende nje."

Alilala chini ya gari kwenye vumbi na shati lake la Jumapili. Alipapasa kwa dole gumba, gurudumu baada ya gurudumu. Mbele kulia ilikuwa laini. Mbele kushoto ilikuwa laini. Nyuma kulia akakuta kidonge. Nyuma kushoto, kidonge.

"Sema," Mama Mayai akasema juu yake.

"Za nyuma zote mbili si mpya."

"Tundu la nani?"

"Langu."

Kwa muda aliona tu kandambili zake, hazisogei. Aliogopa angepigwa teke, na ndani ya nafsi yake alitamani apigwe, yaishe. Lakini Mama Mayai alikuwa mfanyabiashara wa miaka ishirini na alijua kwamba teke halirudishi kitu.

"Kwa hiyo gereji imenitolea shokapu zangu nzima," akahesabu kwa vidole, "ikanipa mbovu, ikanitoza bei ya mpya. Na wewe ndiye uliyefungua, uliyefunga, na uliyetoboa."

"Ndiyo."

"Toka huko chini. Gari hii hii inatupeleka gereji."

*

Jumapili gereji ilitakiwa iwe imefungwa. Mlinzi alipofungua geti walikuta pikapu ya shemeji mtu imeegeshwa kinyumenyume karibu na vaisi, na Mkurugenzi mwenyewe, katika kaptula, akimpokeza shemeji yake shokapu zilizotobolewa jana, mbili mbili, kama watu wanaopakia muhogo.

Wote wakasimama. Mkurugenzi ndiye aliyewahi kutabasamu.

"Mama, leo tumefunga."

"Naona. Nimekuja kuchukua shokapu zangu."

"Zako ziko kwenye gari yako, mama."

"Zile ni za huyo bwana mwenye pikapu. Mimi nataka za zamani. Zile mbili pale chini."

"Chakavu huwa ni mali ya gereji. Ni utaratibu."

Mama Mayai akamnyooshea risiti. "Nionyeshe palipoandikwa."

Mkurugenzi hakuitazama risiti. Alimtazama Mashoto, na tabasamu likamtoka taratibu. "Unajua unachokifanya?"

"Najua."

"Miaka sita nimekulisha."

"Nimekula nilichofanyia kazi," Mashoto akasema. "Jana nilikuomba hizo mbili. Nilikuomba! Nikakwambia ni za mama, nitalipa kwa kilo. Ukanituma dukani kwa huyu nikanunue kifo kilichopakwa rangi. Ulijua ninachokwenda kuuziwa."

"Nilijua nini? Mimi nimeshika keekee?" Mkurugenzi akanyoosha viganja vyake, safi, kucha zimekatwa vizuri. "Nenda polisi. Twende wote. Wataangalia hayo matundu. Yote yako upande mmoja, mshazari. Mtaa mzima unajua nani anatumia kushoto. Mimi ni mfanyabiashara tu, nilimwamini fundi wangu."

Shemeji mtu akacheka kidogo.

Mashoto alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Alijua kwamba yale yalikuwa kweli, na kwamba Mkurugenzi alikuwa ameyaweka akiba miaka sita, kwa siku kama hii. Mtu huyo alimwajiri fundi wa kushoto akamkalisha kwenye vaisi, na kila Jumamosi alikuwa akimwandikisha ushahidi dhidi yake mwenyewe.

"Ni yangu," akasema. "Nitawaambia ni yangu. Nitakwenda nao gari kwa gari, niwaonyeshe lililo langu. Na kila nitakapolionyesha nitasema nani alikuwa amesimama mlangoni."

Akapita kati yao, akainama karibu na vaisi, akaziokota zile shokapu mbili. Shemeji aliacha kucheka akajaribu kumzuia, lakini mkewe Mashoto alikuwa ameshajiweka katikati, mikono kiunoni, akimwambia asogee karibu kama ana cherehani ya kumlipa. Akarudi nyuma.

"Kesho usije hapa," Mkurugenzi akapiga kelele.

"Kesho nina safari."

Nje ya geti Mama Mayai alizipampu zile shokapu mwenyewe, kwa kuonyeshwa. Zilikuwa nzito mwanzo hadi mwisho. Kisha akamkabidhi Mashoto, lakini hakuziachia mara moja.

"Sikupi. Nakuazima. Na sikuazimi wewe, namwazima mama yako. Jumatano asubuhi ziwe chini ya gari yangu, zilikokuwa, na uzifunge kwa mkono wako huo huo. Bure. Mayai nitayabeba kichwani siku mbili."

"Ahsante, mama."

"Usiniambie ahsante. Bado nina hasira na wewe, na sijui itaisha lini."

*

Alizifunga jioni hiyo, kabla jua halijazama. Zilikaa zilipotakiwa bila ubishi. Nati ya chini hakuikaza kwa mara ya mwisho hadi aliposhusha gari likakanyaga ardhi kwa uzito wake, maana ukiikaza likiwa juu, mpira wa pete hujikunja na kukatika baada ya wiki chache. Fundi aliyemlea alimpiga kofi kwa kosa hilo, zamani. Kisha akasimama nyuma ya gari, akabonyeza kona kwa nguvu, akaachia. Gari likapanda mara moja, likatulia.

"Vipi?" mama akauliza dirishani.

"Imetulia."

"Na wewe?"

Mashoto akafuta mikono.

Jumatatu waliondoka saa moja asubuhi. Mama alilazwa nyuma, juu ya ule ule mlango wa mbao, mkwe wake akiwa amechuchumaa pembeni akimshika mabega. Kitambaa cha kuuma kilikuwa tayari mfukoni. Walivuka tuta la kwanza, na la pili. Kwenye tuta la tano Mashoto aliuliza kulikoni huko nyuma, mbona kimya, mkewe akamwambia anyamaze, amelala. Alikuwa amelala kweli, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza barabarani tangu aanguke. Mkewe alilia kidogo bila sauti. Hakumwambia mumewe neno jingine, kwani alikuwa bado hajamsamehe.

Baada ya nusu saa walikuta gari moja mbele yao. Lilikuwa aina ile ile. Kila lilipovuka tuta liliinuka na kushuka, kuinuka na kushuka, na ndani ya kioo cha nyuma kichwa cha mtu kilirushwa na kurudi. Lilikuwa limejaa vumbi kila mahali, ila chini, pembeni mwa tairi la nyuma, palikuwa na kitu cheusi kinachong'aa. Mashoto alikaza macho barabarani. Alikaza usukani. Saa ilikuwa inakwenda.

"Huyo mbele anacheza dansi," mama akasema. Alikuwa ameamka, na kutoka pale alipolala aliona kupitia kati ya viti. "Mwenzangu huyo."

"Ndiyo, Mama."

"Ni wako?"

Mbele, kwenye njia ya reli, kizuizi kikaanza kushuka na magari yakapanga foleni. Lile gari likasimama. Na wao wakasimama nyuma yake.

"Mama, saa nne tuwe tumefika."

"Treni haijapita. Shuka."

Alishuka. Ndani ya lile gari, kwenye kiti cha nyuma, alikaa mwanamke mjamzito ambaye mimba yake ilikuwa imefika mwisho, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili na macho ameyafumba. Mashoto akachuchumaa nyuma ya tairi, akapenyeza mkono wa kushoto, akapanda vidole vitatu kutoka kwenye pete ya chini. Dole gumba likatua juu ya kidonge.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "We bwana! Unatafuta nini chini ya gari yangu?"

Mashoto akainuka. "Shokapu zako za nyuma zimekufa. Usiendeshe kasi, kaka, utamuumiza huyo mama."

"Zimekufa wapi? Mpya hizo, nimeweka wiki iliyopita!"

"Si mpya."

"Umejuaje wewe?"

Treni ikafika. Mabehewa ya mizigo, moja baada ya jingine, na ardhi ikatetemeka hadi magotini. Mashoto alisema, dereva akaonyesha sikio kwamba hasikii. Alisema tena. Watu wengine wakaanza kushuka kwenye magari yao kutazama ugomvi. Mwanamke mjamzito akafumbua macho akamtazama kupitia kioo. Ndipo Mashoto akavuta pumzi na kupiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa amebaki nazo:

"Nimezitoboa mimi!"

Lakini behewa la mwisho lilikuwa limeshapita. Kelele yake ilitoka katika kimya kitupu, ikawafikia wote waliokuwa kwenye foleni. Kizuizi kikainuka, njia ikawa wazi, na hakuna aliyewasha gari.